Safu Moja Katika Rejista

Watu wa kwetu wakisikia kwamba fulani amerudi kutoka Ulaya, humuuliza kwanza habari za baridi, kisha habari za chakula, na mwisho kama ni kweli huko nako wako maskini. Mimi nilikaa Amsterdam wiki tano kwa binti yangu, katika majira ya kuchipua ya mwaka 2024, na nilirudi bila habari nyingi za mambo hayo. Binti yangu alinipeleka siku moja kuona mashamba ya maua. Maua ni mazuri, sina la kuongeza. Siku nyingine zilizobaki nilizimaliza kwa miguu katika mtaa uitwao Plantage na mitaa inayopakana nao, ambako zamani walikaa Wayahudi wengi wa mji ule, nikiingia makumbusho hili na kutoka, nikipumzika katika bustani hii na kuendelea. Hapana budi nimweleze msomaji sababu. Nimekuwa karani wa vizazi na vifo katika ofisi ya wilaya, huko kwetu Kagera, kwa miaka 31. Katika mtaa ule niliikuta historia ya kazi yangu mwenyewe, nami sikuwa nimewahi kufundishwa historia hiyo katika kozi yoyote niliyopelekwa.

Nianze na mambo ya mbali kidogo. Wayahudi wa kwanza waliofika Amsterdam kwa wingi, mwishoni mwa karne ya 16, walitoka Ureno na Hispania. Hispania iliwafukuza mwaka 1492. Ureno iliwabatiza kwa nguvu mwaka 1497, kisha kuanzia 1536 ikaweka mahakama ya kanisa ya kuwapeleleza kama ubatizo ule umewaingia moyoni au la. Sisi wa Afrika Mashariki tunawajua Wareno wa zama zile kwa ngome yao ya Mombasa iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba katika miaka ile ile ambayo watu wa Pwani waliwaogopa Wareno, walikuwako raia wa Ureno wenyewe waliokuwa wakiikimbia nchi yao kwa hofu.

Sinagogi yao kubwa ilimalizika mwaka 1675 na inasimama hadi leo. Nilipoingia nilitazama juu kutafuta taa za umeme, sikuziona. Ukumbi ule huangazwa kwa mishumaa ipatayo 1,000, kama siku ulipofunguliwa, na juu ya mbao za sakafu umenyunyizwa mchanga mwembamba ili kupunguza vumbi na kelele za viatu. Nimekulia katika nyumba ya udongo na sikutarajia kukanyaga mchanga ndani ya jengo lenye fahari namna ile. Pembeni mwa ua wake iko maktaba ya Ets Haim, iliyoanzishwa mwaka 1616. Jamii hii hii ndiyo iliyomtenga kijana Spinoza mwaka 1656, akiwa na umri wa miaka 23, kabla ya jengo hili kujengwa. Waliokuwa wamekimbia kupelelezwa imani zao nao walipeleleza imani ya mwenzao. Naliandika hilo kwa sababu kwenye makumbusho watu waliouawa huonyeshwa aghalabu kama malaika, na malaika hawana historia.

Baadaye walikuja Wayahudi wa Ujerumani na Poland, maskini zaidi na wengi zaidi. Sinagogi zao nne, ng'ambo ya barabara, ziliunganishwa kuwa Makumbusho ya Kiyahudi mwaka 1987. Kabla ya vita, Wayahudi wa Amsterdam walikuwa karibu 80,000, yaani takribani mtu mmoja katika kila kumi wa mji: wachuuzi, wakata almasi, washonaji, madaktari, na bila shaka makarani.

Sasa nije kwenye rejista. Waholanzi ni watu wa daftari. Tangu mwaka 1850 kila mji wao uliweka rejista ya wakazi: jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali, kazi, nyumba anayokaa, na dini. Mtu akihama, habari zake humfuata. Naomba nisifichwe na aibu: nilipoona mfano wa kadi hizo nilizihusudu. Maandishi safi, mistari iliyonyooka, hakuna kadi iliyopotea kwa sababu ya mchwa au paa linalovuja. Nimefanya kazi miaka mingi na kabati lisilofunga, na najua thamani ya kitu kama hicho. Safu ya dini haikuwekwa kwa ubaya. Serikali ilitaka kujua makanisa yana waumini wangapi, shule ngapi zitahitajika, nani atazikwa na nani.

Wajerumani waliivamia Uholanzi Mei 1940. Mtu aliyesimamia rejista za nchi nzima aliitwa Jacob Lentz, Mholanzi, na kwa maelezo yote hakuwa Mnazi kwa itikadi. Alikuwa na mapenzi ya kazi tu. Alibuni kitambulisho chenye picha, alama za vidole na karatasi ya alama ya maji, kigumu mno kughushi, na kuanzia mwaka 1941 kila mtu mzima alilazimika kuwa nacho. Serikali ya Uholanzi kabla ya vita ilikuwa imelikataa wazo la vitambulisho vya lazima. Wavamizi walilipokea kwa furaha. Januari 1941 ikatoka amri kwamba kila mwenye babu au bibi hata mmoja wa Kiyahudi ajiandikishe, na karibu wote walijiandikisha, kwa kuwa habari zao zilikuwamo tayari kwenye kadi na anayekataa angejulikana. Vitambulisho vya Wayahudi viligongwa herufi J.

Niliona pia nakala ya ramani ambayo maofisa wa manispaa ya Amsterdam waliitengeneza mwaka huo huo. Ni ramani ya mji yenye nukta nyeusi, na kila nukta ni Wayahudi kumi. Nilisimama mbele yake hadi binti yangu akanishika mkono. "Baba, umekaa hapa karibu nusu saa." Nilikuwa nikimtazama karani. Simaanishi picha yake, maana haimo. Namaanisha kazi ya mkono wake. Kwenye vichochoro vya katikati nukta zimejaa hadi zinagusana, na zinapogusana amejitahidi zisichanganyike, ili hesabu isiharibike. Mtu yule alikaa mezani, labda chai yake ikiwa pembeni, akahakikisha nukta hazichanganyiki.

Kati ya Wayahudi 140,000 waliokuwa Uholanzi, takribani 107,000 walipelekwa kwenye makambi, na waliorudi wakiwa hai walikuwa kiasi cha 5,000. Ni robo tatu ya Wayahudi wa nchi. Ubelgiji, majirani zao, walipoteza kama watu 40 katika kila 100. Ufaransa kama 25. Wanahistoria wanataja sababu nyingi za tofauti hiyo: nchi ni tambarare, haina milima wala misitu mikubwa ya kujifichia, utawala wa wavamizi huko ulikuwa mikononi mwa Wanazi wenyewe zaidi kuliko wa jeshi, polisi wa mji walitii. Lakini hakuna anayeiacha rejista nje ya orodha hiyo.

Isidhaniwe kwamba watu wote walitii. Februari 22 na 23, mwaka 1941, Wajerumani waliwakamata vijana wa Kiyahudi wapatao 400 katika uwanja ulio kati ya zile sinagogi. Februari 25 wafanyakazi wa Amsterdam wakagoma: tramu zikasimama, bandari ikanyamaza, maduka yakafungwa. Mgomo uliitishwa na wakomunisti waliokuwa wakifanya kazi kwa siri, ukadumu siku mbili kabla ya kuvunjwa kwa risasi. Katika uwanja huo ipo sanamu ya kuli wa bandarini, kazi ya Mari Andriessen, iliyowekwa mwaka 1952. Ni mtu mnene wa tumbo, mikono imening'inia, hakuna bunduki wala bendera. Katika sanamu zote nilizoziona Ulaya hiyo ndiyo niliyoipenda, kwani anafanana na mtu ambaye ameacha kazi tu na hajui la kufanya na mikono yake.

Bustani nazo zina habari yake. Kuanzia Septemba 1941 Wayahudi walikatazwa kuingia bustani za mji, bustani ya wanyama, mikahawa, maktaba na majumba ya sinema. Bustani ndogo ya Wertheimpark, iliyo katikati ya mtaa wao, ilikuwa imepewa jina la Myahudi, mwenye benki aliyeufadhili mji. Leo ndani yake pana ukumbusho wa Auschwitz uliotengenezwa na Jan Wolkers mwaka 1977, ukahamishiwa hapo mwaka 1993. Ni vioo vikubwa vilivyolazwa chini na kupasuliwa, na chini yake limezikwa jivu lililotoka Auschwitz. Ukiinama unaona mbingu imevunjika vipande vipande. Siku niliyokaa pale wanafunzi wawili walikuwa wakila mkate kwenye benchi la pili, wakicheka mambo yao. Kwanza nilichukizwa. Baadaye niliona afadhali wale, kwa sababu bustani hiyo kuna waliokatazwa kukaa humo na kula mkate.

Hatua chache kutoka hapo lipo jengo lililokuwa ukumbi wa michezo ya kuigiza, Hollandsche Schouwburg. Kati ya mwaka 1942 na 1943 lilifanywa mahali pa kuwakusanyia Wayahudi kabla ya kupelekwa kambi ya Westerbork na kisha Poland. Walipita humo watu wapatao 46,000. Watoto wadogo walikuwa wakilia sana, hivyo wakapelekwa katika nyumba ya kulelea watoto iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo palipofanyika jambo ambalo karani yeyote anapaswa kulijua. Mlezi mkuu wa nyumba ile, Henriëtte Pimentel, alishirikiana na Walter Süskind, Myahudi aliyewekwa na Wajerumani kusimamia shughuli za ule ukumbi, pamoja na Johan van Hulst, mkuu wa chuo cha ualimu kilichopakana na nyumba ile. Tramu ilipopita katikati ya barabara, mlinzi wa upande wa pili hakuona kitu. Mlezi akatoka na mtoto mkononi, akapanda tramu, akaenda zake. Wengine walipitishwa kwenye uzio wa bustani ya nyuma hadi chuoni. Waliokolewa watoto kama 600.

Lakini haitoshi kumtoa mtoto mlangoni. Jioni orodha itasomwa na hesabu haitatimia. Kwa hiyo Süskind na wenzake waliichezea rejista: waliondoa kadi, wakafuta jina, wakapunguza idadi, hadi mtoto yule akawa hakupata kuandikishwa kabisa. Mimi nimefundishwa kwamba kufuta jina katika rejista ni kosa la jinai, na nimewafundisha vijana hivyo hivyo. Nilisimama katika makumbusho ya taifa ya maangamizi hayo, yaliyofunguliwa Machi 2024 katika jengo la chuo kile kile cha ualimu, nikajaribu kuwaza ningekuwa karani wa namna gani. Sikupata jibu na sioni haya kusema hivyo. Pimentel aliuawa Auschwitz mwaka 1943, Süskind hakuiona amani. Van Hulst alifariki mwaka 2018, akiwa na miaka 107.

Wengine waliamua kuishambulia rejista yenyewe. Usiku wa Machi 27, 1943, kundi la wapinzani likiongozwa na mchongaji Gerrit van der Veen na msanii Willem Arondeus, wakiwa wamevaa sare za polisi zilizoshonwa na mwenzao fundi cherehani, waliingia katika ofisi ya rejista ya wakazi ya Amsterdam. Waliwachoma walinzi sindano za usingizi, wakawalaza nje salama, wakamwaga kadi sakafuni na kulipua jengo. Wazima moto walichelewa kwa makusudi, kisha walipofika wakamwaga maji mengi kuliko haja, maana walielewa kwamba kilichosazwa na moto kingeozeshwa na maji. Hata hivyo kadi zilizoharibika kabisa zilikuwa sehemu ndogo, kama 15 katika kila 100. Kadi zilizopangwa vizuri na kubanwa sana haziungui upesi. Nalijua hilo kwa moto mdogo uliowahi kutokea ofisini kwetu. Wanaume 12 walipigwa risasi Julai 1 mwaka huo, Arondeus akiwamo. Jengo hilo lipo katika barabara ya Plantage Kerklaan, kando ya bustani ya wanyama, na ukutani pana kibao chenye majina yao. Nilipopita, watu walikuwa wanakunywa kahawa nje.

Lakini nakala za kadi za vitambulisho zilikuwako The Hague, katika jumba liitwalo Kleykamp. Kwa maombi ya wapinzani wa Kiholanzi, ndege za Uingereza zililipiga jumba hilo mchana wa Aprili 11, 1944, zikiruka chini sana. Safari hii kadi nyingi ziliungua kweli. Waliungua pia wafanyakazi kama 60 waliokuwa kazini, karibu wote Waholanzi. Habari hii niliisoma usiku na sikulala vizuri. Baadhi yao huenda walikuwa wapinzani wa siri, wengine walikuwa watu wa kujipatia mkate. Wakati huo Wayahudi wengi wa Uholanzi walikuwa wamekwisha kuuawa. Walionufaika na moto ule walikuwa hasa wapinzani na vijana waliokuwa wakisakwa kupelekwa kazi za lazima Ujerumani. Wapo wanaosema shambulio lile lilifaa na wapo wanaosema lilichelewa. Mimi nilifikiri juu ya meza 60.

Nina sababu ya kuyachukulia mambo haya kwa uzito. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku mbili. Nami nilikuwa miongoni mwa makarani waliotolewa maofisini kwenda kusaidia kuandika majina. Tulikaa chini ya turubai na daftari za safu chache: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, wilaya walikotoka. Safu ya kabila haikuwamo, na tuliambiwa tusiulize. Mzee mmoja hakungoja kuulizwa. Aliweka kitambulisho chake mezani, kama mtu anayetaka kigongwe muhuri. Palikuwa na mstari wenye maneno manne, Hutu, Tutsi, Twa, na la nne la mtu aliyepewa uraia, na matatu yalikuwa yamekatwa kwa wino. Wabelgiji waliuanzisha utaratibu huo katika miaka ya 1930, na serikali za Rwanda huru zikauendeleza. Katika vizuizi vya barabarani mwaka 1994 ulikuwa wakala wa kifo: aliyeachwa neno Tutsi hakupita. Baada ya 1994 mstari huo uliondolewa. Waliokuwa mbele yangu chini ya turubai wengi wao walikuwa Wahutu, wakimbizi wa kweli na wauaji wamechanganyika, na daftari langu halikuwa na njia ya kuwatenganisha. Nilimrudishia mzee kitambulisho chake. Sikuandika kilichokuwamo.

Kwetu sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza kabila na dini. Kabla ya sensa ya mwaka 2012 ulizuka mjadala mkali, baadhi ya Waislamu wakitaka safu ya dini irudishwe, wengine wakasusia kuhesabiwa. Sikuwadharau. Mtu anayeamini kwamba anapunjwa anataka ahesabiwe ili haki yake ionekane, na hoja hiyo haijibiwi kwa kumwambia anyamaze. Hata hivyo mimi nilikuwa upande wa wanaosema safu isiwemo, na nilichokuwa nacho wakati ule ni mzee wa Ngara tu. Sasa nina na ramani ya nukta. Karani anayejaza safu leo hana habari ni nani atakayekuja kuisoma, na kadi ya Mholanzi ya mwaka 1900 ilisubiri miaka 40 kupata msomaji wake.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilikwenda Weesperstraat, kwenye ukumbusho wa majina uliobuniwa na Daniel Libeskind na kufunguliwa Septemba 2021. Ni kuta za matofali zinazopindapinda kama vichochoro, na kila tofali lina jina, tarehe ya kuzaliwa na umri wa mtu alipouawa. Majina ni zaidi ya 102,000, yamepangwa kwa alfabeti. Yamo pia ya Waroma na Wasinti 220, na matofali 1,000 yaliachwa wazi kwa ajili ya wale ambao majina yao hayakupatikana popote. Nilielewa mara moja kazi iliyofanyika pale. Ni rejista. Imetokana na orodha zile zile, za wakazi na za wasafirishwa, kwa maana wauaji nao walikuwa waangalifu katika kuandika.

Binti yangu aliketi kwenye kizingiti akanisubiri. Nilitembea nikisoma, na kwa mazoea ya ofisini nikaanza kukagua: mwaka wa kuzaliwa, ongeza umri. Ofisini hesabu hiyo ndiyo inayomfichua mtu aliyedanganya cheti. Aliyezaliwa mwaka 1874, miaka 68. Aliyezaliwa 1921, miaka 21. Aliyezaliwa 1940, miaka 3. Nilifanya hivyo kwa ukuta mzima na nikaingia ukuta wa pili. Wazee, wasichana, watoto wachanga, wote wa miaka mbalimbali ya kuzaliwa, na jumla zikaendelea kuangukia pale pale: 1942, 1943, 1943, 1942, 1944, 1943.